Mtoto Naye Aone

Saa nne asubuhi saruji ya mzunguko ilikuwa imeshaanza kuchoma, na mechi ilikuwa saa kumi jioni. Shangazi alifungua kanga ya pili ya doti yake, ile yenye mji mwekundu na pindo jeupe, akaitandika kwenye ngazi ya sita kutoka chini, akanionyesha pa kukaa. Siyo pembeni, katikati. "Ukikaa pembeni utasukumwa," alisema. "Kaa katikati wakukute." Yeye akakaa kulia kwangu, mama muuza mihogo akakaa kushoto, na ndoo ya mihogo ikawekwa miguuni pangu niilinde.

Ilikuwa Novemba 1993. Nilikuwa na miaka 12, na Simba ilikuwa inacheza fainali ya Kombe la CAF, kombe la klabu za Afrika, dhidi ya Stella ya Abidjan. Mechi ya kwanza kule kwao ilikwisha bila kufungana, kwa hiyo mji mzima ulikuwa umeshaanza kusherehekea kabla mpira haujachezwa. Sisi tulikuwa tunaishi Temeke Wailes, karibu na Uwanja wa Taifa kiasi kwamba siku za mechi kelele za bao zilitufikia uani hata bila redio. Huu ndio uwanja ambao sasa unaitwa Uhuru, Shamba la Bibi. Nilikuwa nimeyasikia mabao mengi sana ya pale. Nilikuwa sijaliona hata moja.

Baba alikuwa amekataa. Mpirani si mahali pa mtoto wa kike, alisema, na alisema kwa upole, kama mtu anayetaja jambo linalojulikana. Shangazi hakubishana na kaka yake. Alimwambia tu, "Huyu haendi peke yake. Anakwenda na sisi." Baba akanyamaza. Imenichukua miaka mingi kuelewa uzito wa lile "sisi", na ndiyo sababu nimeketi kuandika haya.

Hao "sisi" walikuwa wanawake tisa. Shangazi alikuwa akiuza vitumbua asubuhi. Kulikuwa na mama muuza mihogo, kulikuwa na nesi ambaye siku za mechi alibadilishana zamu na wenzake, mama lishe wa Tazara, dada wawili wa Keko waliokuwa wakishona nguo, na wengine ambao sikuwahi kujua kazi zao kwa sababu pale mzungukoni hakuna aliyeuliza. Walikuwa wanachama wa tawi moja la Simba, lakini kwenye mikutano ya tawi walikuwa wakipangiwa chai. Mzungukoni hawakupangiwa kitu. Walikuja mapema kuliko wanaume wote, wakashika ngazi mbili, wakatandika kanga zao, na kuanzia hapo sehemu ile ilikuwa yao mpaka filimbi ya mwisho.

Kwa mtu ambaye hakuwahi kukaa mzunguko wa zamani, ni ngazi za saruji tu zinazozunguka uwanja, hazina kivuli wala namba. Waliokuwa na fedha walikaa jukwaa kuu, chini ya paa. Wengine wote tulikuwa juani. Kabla ya mechi unakaa kwenye ngazi, unakula karanga, unakunywa ukwaju wa kwenye mfuko, unasikiliza redio ya jirani. Mpira ukianza, anasimama mmoja mbele, anasimama wa nyuma yake, na ndani ya dakika mbili mzunguko wote umesimama na hautakaa tena. Hapo ndipo urefu wa mtu unapokuwa jambo la maana, na mtoto wa miaka 12 anabaki akitazama migongo.

Mbele yetu alikuja kusimama mwanaume mmoja mrefu aliyefika saa tisa na nusu. Shangazi akamgusa bega. "Baba, mtoto naye aone." Yule bwana akageuka, akanitazama, akasema mimi na mama yangu tungebaki nyumbani tungesikia vizuri zaidi redioni. Nilitaka ardhi inimeze. Lakini wale wanawake hawakumtukana wala kupandisha sauti. Nesi alishuka ngazi moja akasimama kulia kwake, mama lishe akashuka akasimama kushoto. Dada wa Keko wakaja nyuma yake. Nesi akamwambia kwa sauti ya wodini, taratibu, "Kaka, sisi tumefika hapa saa nne." Basi. Yule bwana akatazama huku na huku, akaona amezungukwa na wanawake ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa na haraka, akasogea hatua mbili pembeni.

Mama muuza mihogo akamwaga mihogo iliyobaki kwenye sahani, akaifunika ndoo chini juu. Shangazi akanipandisha juu ya ndoo ile, akanifunga kanga kiunoni, ncha zake mbili akazishika yeye mkononi. Kila nilipoyumba nilisikia kanga inanivuta. Hivyo ndivyo nilivyotazama mechi yangu ya kwanza, nimefungwa kiunoni kama mbuzi wa Idi, na sijawahi kujisikia huru kiasi kile.

Tulifungwa mawili kwa bila. Jina la Boli Zozo, mfungaji wao, watu wa umri wangu hatutalisahau. Ninachokumbuka zaidi si mabao bali ukimya baada ya filimbi. Maelfu ya watu na husikii kitu, ila mahali fulani mtoto analia. Kisha wakaanza wanaume. Wanaume wazima, wenye ndevu, walikaa kwenye saruji wakalia kama wamefiwa. Yule bwana mrefu alikaa chini kabisa, kichwa katikati ya magoti. Nesi akamfuata na kopo la maji. Hakumkumbusha ya saa kumi kasoro. Alimpa maji, akamfungua kifungo cha shati, akampepea kwa gazeti.

Tulitoka wa mwisho. Hiyo ilikuwa amri ya Shangazi ambayo nimeishika mpaka leo: kuingia wa kwanza, kutoka wa mwisho, na mlangoni usisukume wala usikubali kusukumwa, kaa kando mpaka njia ifunguke. Nilipokuwa msichana niliona ni woga wa wazee. Machi 2021, watu walipokwenda uwanja huohuo kumuaga Rais Magufuli, 45 walikufa katika msongamano. Usiku ule, taarifa ilipotoka, nilimpigia Shangazi simu, na tulikaa muda mrefu tukisikilizana tunavyopumua.

*

Baada ya 1993 nikawa mtu wa mzunguko. Niliyojifunza pale mengine ni ya mpira na mengine ni ya maisha, na kwa kweli sijaweza kuyatenganisha.

La kwanza ni namna ya kutazama. Shangazi alikuwa hajamaliza darasa la saba, lakini mpira aliusoma kama kitabu. "Usimtazame mwenye mpira," alinifundisha. "Mwenye mpira kila mtu anamwona. Mtazame asiye na mpira." Alinionyesha winga anayekimbia bure mara tano ili mara ya sita beki asimfuate. Alinionyesha namba sita, kiungo wa kati, anayegeuza shingo kabla hajapokea pasi. Alijua kuotea vizuri kuliko wengi waliokuwa wakimpigia kelele mshika kibendera. Mara nyingi wanaume wa ngazi ya chini walimgeukia wakauliza, "Mama, ile ilikuwa halali?" Na alipowajibu, waliridhika.

Nalisema hili kwa sababu kuna picha moja ya mwanamke mpirani ambayo imezoeleka, nayo ni ya vigelegele. Kamera inamtafuta aliyejipaka rangi, anayekata mauno, anayelia. Na ni kweli wanawake wetu waliimba. Ngoma ya mdundiko ikipigwa nje ya geti, wao ndio walioiongoza kuingia ndani. Mipasho kati ya wanawake wa Msimbazi, yaani sisi wa Simba, na wa Jangwani, yaani watani wetu wa Yanga, ilikuwa ya kiwango cha taarabu. Nakumbuka siku moja wale wa Yanga walipita mbele yetu, wote wamejifunga kanga za jina moja, wakageuka kwa pamoja ili tusome maandishi mgongoni. Hawakutamka neno. Shangazi alicheka mpaka akapaliwa, akasema wametufunga bao moja kabla ya mechi. Lakini wanawake walewale walioimba walikuwa wanajua kwa nini kocha amemtoa mchezaji dakika ya sitini. Kuimba hakukuwa badala ya kuelewa.

La pili ni utani, na mipaka yake. Marehemu mume wa Shangazi alikuwa Yanga, Yanga wa kufa. Julai 1977 Simba ilipoifunga Yanga sita bila, Kibadeni akifunga matatu peke yake, Shangazi alikuwepo uwanjani. Alikuwa mke mchanga. Anasema alitembea mpaka nyumbani akicheka peke yake njiani kama mwendawazimu, lakini alipofika mlangoni akatulia. Mumewe alikuwa amelala, uso ukutani, mchana wa jua kali. Shangazi akapika, akatenga chakula, hakusema lolote. "Mtani hutaniwa kesho," aliniambia. "Leo huachwa alale." Kesho yake alimtania, na aliendelea kumtania kwa sita zile mpaka siku alipomzika.

Novemba 2023 Yanga walitufunga tano kwa moja. Jirani yangu, mwanamke wa Jangwani ambaye tumeanika nguo kwenye kamba moja miaka kumi na moja, hakunigongea mlango usiku ule. Alinigongea asubuhi, amevaa jezi ya kijani, ameshika vidole vitano juu. Nilimkaribisha chai.

La tatu silipendi, lakini siwezi kuliacha. Kwenye foleni za kuingia uwanjani wanawake tulikuwa tunashikwa. Watu wamebanana, mikono haionekani ni ya nani, na wapo wanaume waliokuja kwa ajili hiyo tu. Nilikuwa na miaka 16 iliponitokea mara ya kwanza. Niliganda. Sikusema kitu mpaka tulipofika kwenye ngazi yetu, na Shangazi alinitazama mara moja tu akajua. Hakuniuliza nilikuwa nimevaa nini. Alifungua pindo la kanga yake, akatoa pini, pini ya kawaida ya kushikia kitambaa, akaniwekea kiganjani na kunikunja vidole. "Sote tunayo," alisema. Nikageuka kuwatazama: nesi akainua kidogo upande wa kanga yake nikaona kichwa cha pini kinang'aa. Mama lishe hivyohivyo. Dada wa Keko walikuwa nazo mbilimbili.

Nimeifikiria sana ile pini. Nilijisikia salama, na papo hapo nikasikia hasira ambayo haijaisha: kwamba wanawake tisa waliolipa kiingilio sawa na kila mtu ilibidi waje mpirani na silaha. Kila ninaposikia mtu anauliza kwa nini wanawake wachache walikwenda mzunguko wa zamani, namkumbuka yule msichana wa miaka 16 na pini kiganjani.

Na choo. Katika uwanja mmoja wa mkoani, tulikoifuata timu kwa basi, hatukupata choo cha wanawake kilichokuwa wazi. Wenzangu wakafanya walilolizoea: wanne walishika kanga nne wakaunganisha ncha, wakatengeneza chumba nyuma ya ukuta, tukaingia mmojammoja kwa zamu. Dakika zilikuwa zinakwenda, mpira unachezwa, na hakuna aliyetaka kuwa nje bao likifungwa, lakini hakuna aliyeachia ncha yake mpaka wa mwisho alipotoka. Tulikosa bao. Tulilisikia tu kama nilivyokuwa nikiyasikia utotoni.

*

Mwaka 2007 ukafunguliwa uwanja mpya pembeni ya ule wa zamani, viti 60,000, huu ambao tangu 2020 unaitwa Benjamin Mkapa. Watu wengi wa mzunguko wa zamani husema kwamba viti viliua raha. Mimi sikubaliani nao, au nakubaliana nusu. Viti vilileta vyoo vyenye milango. Vilileta wanawake ambao wasingekanyaga ile saruji: wafanyakazi wa benki, wanafunzi wa chuo, mabibi wanaotembelea fimbo, mama aliyebeba kichanga chenye jezi. Siwezi kuililia saruji mbele ya mama huyo.

Nusu nyingine ni hii: kwenye kiti kila mtu ana chake. Ile desturi ya kuwahi saa nne na kushikiana nafasi, ya kutandika kanga kwa ajili ya mtu ambaye hajafika, ilipungua. Wale tisa walitawanyika. Mmoja alihamia Morogoro, wawili wamefariki, nesi alistaafu na magoti yakamgomea. Tulibaki watatu, kisha wawili, mimi na Shangazi. Na tulisimama. Sehemu ya mzunguko watu bado wanasimama, wanasimama juu ya viti, wanasimama dakika tisini na za nyongeza. Kiti kilitupa mahali pa kuweka mkoba.

Oktoba 20, 2013, tulikuwa hapo. Yanga walitangulia mabao matatu kipindi cha kwanza, Ngassa moja na Kiiza mawili. Kufikia mapumziko upande wetu ulikuwa unamwagika. Watu walishuka ngazi wamevua jezi, wengine wamezigeuza ndani nje wasitambulike njiani. Nami nilinyanyuka. Shangazi, wakati huo ana zaidi ya miaka 60, hakunyanyuka. Alifungua mkoba akatoa mihogo iliyofungwa kwenye gazeti, yenye chumvi na pilipili, akaanza kula.

"Shangazi, twende. Tutakosa daladala."

"Nimelipa dakika tisini," alisema. "Nimekula arobaini na tano."

Nikakaa. Nilikaa kwa heshima tu, moyo wangu ulikuwa umeshafika Temeke. Karibu yetu kulikuwa na wasichana watatu ambao sikuwajua, pengine miaka 18 au 19, nao walikuwa wanajadiliana kuondoka. Walimwona bibi anakula mihogo kana kwamba hakuna lililotokea, wakakaa nao. Shangazi akawapa kipande kila mmoja.

Kipindi cha pili Mwombeki akafunga. Watu wakapiga makofi ya huruma. Muda mfupi baadaye Owino akafunga, na hapo nikaona jambo ambalo sijaliona tena: watu waliokuwa wameshatoka wanarudi wanakimbia, wanapanda ngazi mbilimbili, wanapigana vikumbo kutafuta viti walivyoviacha. Zikiwa zimebaki dakika chache Gilbert Kaze akasawazisha. Tatu kwa tatu. Msichana mmojawapo alimrukia Shangazi shingoni akaning'inia kama mjukuu, na Shangazi, aliyekuwa hajapiga kelele mchana kutwa, alifungua mdomo akatoa kigelegele kirefu, chembamba, cha zamani, ambacho nilikuwa sijakisikia tangu wale tisa walipotawanyika. Wasichana walikijibu. Walikijua.

Wanaume wawili waliokuwa wanarudi walitukuta tumesimama kwenye viti vyao. Mmoja akasema, "Dada, hapa tulikuwa tumekaa sisi." Nilisikia jibu likinitoka kwa sauti ya nesi: "Kaka, sisi hatukuondoka."

*

Februari 2016 mechi ya Simba na Yanga ilichezeshwa na Jonesia Rukyaa wa Kagera, mwanamke katikati ya uwanja na filimbi mkononi, mechi ambayo marefa wanaume hutetemeka wakipangiwa. Tulipoteza mbili bila, Ngoma na Tambwe, na beki wetu alitolewa kwa kadi nyekundu. Unaweza kubahatisha yaliyosemwa pale tulipokuwa. Hayakuwa matusi ya refa. Yalikuwa matusi ya mwanamke, yale ambayo kila mwanamke ameyasikia na yanaanzia mwilini mwake.

Mimi nilikuwa na uchungu wa kufungwa na nilikaa kimya. Naikiri aibu hiyo. Aliyesimama ni Shangazi, Simba tangu enzi klabu ikiitwa Sunderland, amevaa nyekundu kuanzia kilemba mpaka kandambili. Aligeuka akatazama nyuma, juu, kwa wale vijana. "Kadi ni halali," alisema. "Kijana wetu kacheza rafu mara mbili. Mnataka kutukana, mtukaneni kijana wetu." Walinyamaza kidogo. Kisha mmoja akamwambia, "Bibi, wewe Simba kweli?" Akajibu kwamba yeye alikuwa Simba kabla baba yake kijana yule hajajua kuvaa kaptula. Mechi ikaendelea. Matusi hayakwisha, lakini kwenye safu yetu yalikwisha.

Tangu siku ile nimejaribu kuwa mtu wa kugeuka nyuma. Mara nyingine naweza, mara nyingine moyo unadunda sana. Nimegundua kwamba ni rahisi zaidi ukiwa na mwanamke mmoja tu pembeni yako, hata asiposema kitu.

Mambo yamesogea. Simba imeshawahi kuwa na mtendaji mkuu mwanamke, Barbara Gonzalez. Simba Queens wamekwenda Morocco mwaka 2022 wakafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika, na Shangazi alinipigia simu usiku kuniuliza kwa nini beki wa kushoto anapanda wakati hakuna anayemzibia. Nina furaha kwa yote hayo. Lakini nikisikia yanaelezwa kama kwamba wanawake wameingia kwenye mpira mwaka juzi, nasikia mtu ananifuta wale tisa na kitambaa.

Machi 2019 nilimpeleka Shangazi kuwaona Taifa Stars na Uganda. Tulihitaji kushinda ili twende Kombe la Mataifa ya Afrika, ambako hatukuwa tumefika tangu Lagos 1980. Aliikumbuka 1980, aliisikiliza redioni akiwa na mimba. Msuva akafunga, Nyoni penalti, Aggrey Morris kwa kichwa, tatu bila. Siku ile hakukuwa na nyekundu wala kijani, na yule jirani yangu wa Jangwani alikuwa amekaa kati yetu, amemshika Shangazi mkono. Wote watatu tulisimama mechi nzima. Magoti yalimuuma wiki mbili baadaye. Hiyo ilikuwa mechi yake ya mwisho kuiona uwanjani.

Mwezi Oktoba mwaka uleule niliona habari kwamba wanawake wa Iran wameruhusiwa kukata tiketi na kuingia Uwanja wa Azadi kuitazama timu yao, baada ya karibu miaka arobaini ya kuzuiwa, na kwamba mwezi mmoja kabla yake msichana mmoja alijichoma moto baada ya kushtakiwa kwa kujaribu kuingia mpirani akiwa amejivisha kiume. Nilimsomea Shangazi. Alinyamaza. Aliniuliza yule msichana alikuwa na miaka mingapi. Nikamwambia 29. Akaniuliza kama alikuwa na shangazi.

*

Mei 2025 Simba ikafika tena fainali, Kombe la Shirikisho. Miaka 32 ilikuwa imepita. Kule Berkane, Morocco, tulifungwa mbili bila, na marudiano yakapangwa Zanzibar, Uwanja wa Amaan. Nilikata tiketi mbili, yangu na ya binti wa kaka yangu, ambaye ana miaka 11 na kwake mimi ndiye shangazi.

Jumamosi kabla ya kwenda bandarini tulipita Temeke kuaga. Shangazi hatoki sana siku hizi. Alikuwa amekaa barazani, kanga ile iko mapajani. Imechakaa, mji umekuwa rangi ya waridi, na pindo limetoboka mahali ambapo pini ilikaa miaka yote ile. Aliikunja mara mbili akampa mtoto. Akamwonyesha namna ya kuifunga kiunoni isilegee, akaifungua, akamfanya aifunge mwenyewe, mara tatu, mpaka akaridhika. Kwangu hakusema mengi. Aliuliza boti inaondoka saa ngapi, akasema tuwahi.

Tuliwahi. Jumapili tulikuwa Amaan jua likiwa bado kali, na kina mama wa Kizanzibari wenye jezi nyekundu juu ya mabaibui yao walikuwa wameshawahi kabla yetu. Mmoja alitutazama, akasogeza mkoba wake, akapigapiga nafasi kwa kiganja. "Karibuni. Mtoto mwekeni kati." Sikuwa nimeomba.

Mutale alifunga mapema na kwa zaidi ya saa moja tuliamini. Mwishoni wakasawazisha. Moja kwa moja, kombe likaenda Morocco. Mtoto hakulia. Alisimama juu ya kiti, kanga kiunoni, ncha zake mkononi mwangu, akiwatazama wachezaji wetu waliolala kwenye nyasi, na aliniuliza kwa nini yule namba sita hakugeuza shingo.

Usiku tulimpigia Shangazi. Alikuwa ameshasikia matokeo, mtaa mzima ulikuwa kimya. Hakuniuliza lolote kuhusu penalti iliyotakiwa au kocha.

"Mlisimama wapi?" akauliza.

"Katikati, Shangazi. Tulipata wenyeji."

"Na mtoto?"

"Yupo hapa, anakusikia."

"Aliona?"

Nilimpa mtoto simu ajibu mwenyewe.